Kutambua Makao ya Kale: Ushuhuda wa Kitabu, wa Jina na wa Jembe

Msafiri atokaye Moshi kwenda Arusha, kabla hajafika Usa River, hupita mahali paitwapo Maji ya Chai. Jina hilo halihitaji mfasiri. Mto uteremkao hapo kutoka Mlima Meru una maji yaliyoingia wekundu wa hudhurungi, na watu waliouona wakaufananisha na kitu walichokijua. Upande wa pili wa mlima, kaskazini, kuna Ngare Nanyuki. Jina hilo ni la Kimaasai, na maana yake ni maji mekundu. Basi lugha mbili zisizo na udugu, moja ya Kibantu na moja ya wafugaji waliotoka kaskazini, zimeukabili mlima mmoja kwa desturi moja: kupaita mahali kwa maji yake, na maji kwa rangi yake.

Wataalamu waliopima maji ya upande huo wa Meru wamekuta ndani yake fluoridi nyingi, itokayo katika mawe ya volkano, nayo katika mito na chemchemi kadha wa kadha hupita mbali kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Fluoridi hiyo ndiyo itiayo madoa meno ya watoto wakuliao hapo, na ikizidi sana huharibu mifupa. Lakini fluoridi haina rangi. Jina la Maji ya Chai limeshika kilichoonekana kwa macho, likaacha kilichokuwa kikitenda kazi kwa siri. Ni jina la kweli, ila si ukweli wote.

Mfano huu mdogo wafaa kuwekwa mbele ya kila mtu atafutaye makao ya watu wa kale. Mtafutaji huyo ana mashahidi watatu. Wa kwanza ni kitabu, yaani maneno ya msafiri au mwana tarikhi aliyepaona mahali pangali na watu. Wa pili ni jina, ambalo hudumu midomoni mwa wenyeji hata baada ya kuta kuanguka. Wa tatu ni jembe la mchimbuzi, pamoja na kamba ya kupimia na kalamu ya kuchorea ramani. Kila shahidi husema kweli kwa kiasi chake, na kila mmoja huweza kupoteza. Maelezo yafuatayo yataonyesha jinsi mashahidi hao walivyotumika katika Bara Hindi na katika Kilwa, kisha yatakuja Engaruka, katika mkoa wa Arusha wenyewe, ambako shahidi wa kwanza hayuko kabisa na wa pili ni dhaifu.

I. Kitabu: nyumba za watawa katika Bara Hindi

Dini ya Buda ilizaliwa kaskazini ya Bara Hindi, ikajenga huko nyumba kubwa za watawa, kisha ikafifia katika nchi ile ile iliyoizaa. Ilipofika karne ya 19, nyumba hizo zilikuwa vilima vya matofali vilivyoota miti, na wakulima waliokuwa wakiyachukua matofali hayo kujengea nyumba zao hawakuwa na habari ya waliokaa humo. Dini yenyewe ilikuwa hai katika Ceylon, Burma, Tibet na Uchina, lakini mahali pake pa asili palikuwa pamesahauliwa.

Waliohifadhi habari za mahali hapo walikuwa wageni. Mtawa Mchina aitwaye Faxian alisafiri katika Bara Hindi mwanzoni mwa karne ya 5. Mwingine, Xuanzang, alitoka Uchina mwaka 629 na kurudi mwaka 645, na kati ya miaka hiyo alikaa na kusoma katika chuo kikubwa cha watawa cha Nalanda. Wote wawili waliandika safari zao: kutoka mji huu hata mji ule, kuelekea upande gani, umbali gani, na nini kilichoonekana hapo. Vitabu hivyo vilipofasiriwa kwa Kifaransa katika karne ya 19, cha Faxian mwaka 1836 na cha Xuanzang miaka ya 1850, watu wa Ulaya walipata kitu ambacho Bara Hindi lenyewe halikuwa nacho, yaani mwongozo wa njia ulioandikwa na mtu aliyezipita.

Mtu aliyeutumia mwongozo huo zaidi ya wote alikuwa Alexander Cunningham, mhandisi wa jeshi la Uingereza, ambaye mwaka 1861 aliwekwa na serikali ya Uhindi kuwa mpimaji wa mambo ya kale. Njia yake ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuifuata. Alianza mahali palipojulikana bila shaka, akapima umbali na upande uliotajwa na Xuanzang, kisha akaenda kwa miguu au kwa farasi hata mwisho wa kipimo, akatazama kama kuna kilima au gofu linalolingana na maelezo. Kwa njia hiyo alilitambua gofu lililo karibu na kijiji cha Baragaon, katika nchi ya Bihar, kuwa ndilo Nalanda. Msomi mwingine wa Kiingereza, Francis Buchanan, alikuwa amekwisha kupita hapo miaka hamsini nyuma na kuyaona magofu, lakini hakuyajua jina. Umbali kutoka Rajgir ulilingana, na juu ya hayo maandishi ya mawe yaliyookotwa hapo hapo yalikuwa na jina la Nalanda.

Yafaa kutazama kwamba Cunningham hakutegemea kitabu peke yake. Kitabu kilimpeleka mahali, na jiwe lenye maandishi likathibitisha. Ushahidi wa tatu ulikuja baada ya kufa kwake, wakati idara ya mambo ya kale ilipochimba Nalanda toka mwaka 1915 hata 1937, ikafunua nyumba za watawa 11 na mahekalu 6 ya matofali, pamoja na mihuri ya udongo yenye jina la jumuiya ya watawa wa Nalanda. Mwaka 2016 mahali hapo paliingizwa katika orodha ya urithi wa ulimwengu ya UNESCO.

Lakini mahali ambapo uthibitisho wa namna hiyo haukupatikana, njia ile ile ilizaa makosa. Msaidizi wa Cunningham, A. C. L. Carlleyle, aliutafuta mji wa Kapilavastu, ambako Buda alikulia, akapita huku na huku mpaka akaridhika na kijiji cha Bhuila, na bwana wake akakubaliana naye. Mwaka 1896 nguzo ya mfalme Ashoka ilipatikana Lumbini, katika nchi ya Nepal, ikisema kwa maandishi yake kwamba Buda alizaliwa hapo, na shauri lote la Bhuila likaanguka. Umbali ulioandikwa kitabuni hunyooshwa na kupindwa kwa urahisi na mtu aliyekwisha kuamua anataka kufika wapi.

Jina nalo lilikuwapo muda wote. Nchi yenyewe yaitwa Bihar, na neno hilo latokana na vihara, ambalo katika Kisanskriti ni makao ya watawa. Watawa walitoweka, dini ilibadilika, watawala wakaja na kwenda, na neno likabaki juu ya nchi nzima kama alama ya wayo katika udongo uliokauka. Hata hivyo neno hilo lisingeweza kumwonyesha mtu kilima kipi ni Nalanda. Jina huhifadhi kwa ujumla, wala halichagui.

II. Kitabu na jembe: Kilwa

Katika pwani ya Afrika Mashariki iko hali inayofanana na hiyo. Mji wa Kilwa Kisiwani una kitabu chake. Habari za wafalme wake zimehifadhiwa katika maandishi ya Kiarabu, na pia katika muhtasari uliotiwa na mwana tarikhi wa Kireno João de Barros katika kitabu chake cha mwaka 1552. Tena Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 akamsifu mfalme wake, Abu al-Mawahib al-Hasan bin Sulaiman, kwa ukarimu.

Neville Chittick, mkurugenzi wa Taasisi ya Uingereza katika Afrika Mashariki, alichimba Kilwa katika miaka ya 1960. Upande wa mashariki wa mji wa kale, juu ya jabali linalotazama bahari, kuna gofu kubwa liitwalo Husuni Kubwa. Neno husuni limetoka katika Kiarabu, nalo ni ngome. Mtu aliyefuata jina hilo angetafuta minara ya ulinzi na mahali pa kuweka askari. Jembe lilionyesha jumba la mfalme: nyua, kumbi, birika ya kuogea yenye pembe nane, na safu za vyumba vifaavyo kuwa maghala ya biashara. Na katika kifusi lilipatikana jiwe lililochongwa jina la al-Hasan bin Sulaiman. Kitabu na jembe vilikutana, na jina ndilo lililokosea. Waliolipa gofu lile jina walikuja baadaye, wakaona kuta nene, wakaziita kama walivyozijua kuta nene za zama zao. Ni kosa la namna ile ile ya Maji ya Chai, jicho likiamua na ulimi ukiandika.

Lakini kitabu nacho hakikutoka katika baraza hiyo bila kuulizwa. Tarikhi ya Kilwa huweka kuja kwa ukoo wa kwanza wa wafalme, waitwao Washirazi, katika karne ya 10. Chittick, kwa kutazama tabaka za udongo na sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan, alisema kwamba ukoo huo hauwezi kutangulia mwisho wa karne ya 12. Wengi walikubali. Kisha mwaka 1984 ikagunduliwa hazina ya sarafu Mtambwe Mkuu, katika kisiwa cha Pemba, na sarafu za Ali bin al-Hasan zilikuwamo pamoja na nyingine za nchi za mbali zilizokuwa na tarehe, ambazo zilirudisha wakati wake nyuma hata karne ya 11. Basi jembe la kwanza lilisahihishwa na jembe la pili, na kitabu, ambacho kilikuwa kimekwisha kudharauliwa kidogo, kikapata tena sehemu ya heshima yake.

III. Jembe peke yake: Engaruka

Kutoka Arusha, mwendo wa kuelekea magharibi hata Mto wa Mbu, kisha kaskazini chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, humfikisha mtu Engaruka. Nchi ni kavu. Mbele yake ni Ol Doinyo Lengai, mlima ambao Wamaasai wauita wa Mungu, na nyuma yake ukuta wa bonde umesimama kama pazia. Katika ukuta huo kuna mwanya, na katika mwanya huo hutelemka mto wa Engaruka usiokauka. Pande zote mbili za mto, katika eneo la kadiri ya kilomita 20 za mraba, ardhi imegawanywa kwa mistari ya mawe katika viwanja vidogo vidogo, na juu yake, katika mteremko wa chini wa ukuta, yako mabaki ya vijiji.

Hapa hakuna Xuanzang wala Ibn Battuta. Wafanya biashara wa pwani walipita katika njia za bonde hili katika karne ya 19, lakini walipoanza kupita mahali palikuwa pamekwisha kuachwa. Mzungu wa kwanza kuandika juu ya mawe hayo alikuwa Gustav Fischer, Mjerumani, aliyepita mwaka 1883. Mwaka 1913 Hans Reck, aliyejulikana zaidi kwa kazi yake ya Olduvai, alifanya uchunguzi kidogo. Mwaka 1935 akaja Louis Leakey, na taarifa yake ilitolewa mwaka 1936 katika toleo la kwanza la Tanganyika Notes and Records.

Leakey alihesabu mahali pa nyumba, akapata zaidi ya 6,000, akakisia kwamba hapo palikuwa na mji wa watu kati ya 30,000 na 40,000. Hesabu hiyo ilienea upesi. Engaruka ikawa mji uliopotea, na watu wakaanza kutafuta taifa geni la kuweza kuujenga, kana kwamba watu wa nchi hii wasingeweza kupanga jiwe juu ya jiwe. Kosa halikuwa katika kuhesabu mawe, kwa kuwa mawe yapo. Kosa lilikuwa katika kudhani kwamba kila ukumbi wa mawe ulikuwa nyumba, na kwamba nyumba zote zilikaliwa siku moja. Kijiji cha watu wajengao kwa miti na nyasi juu ya msingi wa mawe huhama polepole, huku nyumba moja ikiachwa na nyingine ikijengwa kando yake, na baada ya miaka mia mbili misingi huwa mara nyingi kuliko jamaa waliopata kuishi hapo kwa wakati mmoja.

Hamo Sassoon, aliyekuwa mhifadhi wa mambo ya kale wa serikali, alichimba Engaruka mwaka 1964 na tena mwaka 1966, na kwa mara ya kwanza mkaa uliopatikana humo ukapimwa kwa njia ya kaboni 14. Baada yake John Sutton aliyachunguza magofu kwa muda wa miaka mingi, na jambo alilolisisitiza lilibadilisha swali lenyewe. Alisema kwamba mtu asianze na nyumba, aanze na maji. Mifereji iliyojengwa kwa mawe ilitoa maji katika mto wa Engaruka na katika vijito vingine vya ukuta wa bonde, ikayapitisha chini ya vijiji, ikayagawanya katika viwanja. Mahali maji yalipoweza kufika, mashamba yalifika, na yalipokoma, mashamba yalikoma. Vijiji saba vikubwa viliwekwa juu ya mifereji, mahali pasipofaa kulimwa, ili shibiri ya udongo mwema isipotee chini ya nyumba. Huo haukuwa mji. Ulikuwa umoja wa wakulima wa maelfu machache, waliopanda hasa mtama na kufuga ng'ombe na wanyama wadogo, na waliojua thamani ya kila kata ya maji.

Vipimo vilivyokusanywa huweka maisha ya Engaruka kati ya karne ya 14 au 15 na karne ya 18. Kazi ya Daryl Stump, tangu mwanzo wa karne hii ya 21, imeongeza jambo jingine. Kwa kukata mahandaki katika viwanja na kutazama tabaka za udongo, yeye na wenzake wameonyesha kwamba baadhi ya mashamba hayakusafishwa tu mawe, bali yalitengenezwa. Wakulima walipanga mawe kukinga maji ya mafuriko, maji yakatua, tope likabaki, nao wakainua ukuta tena na tena mpaka udongo wa kulima ukapatikana mahali palipokuwa changarawe. Shamba lenyewe, ambalo wachunguzi wa kwanza walilikanyaga wakitafuta nyumba, ndilo jengo kubwa kuliko yote.

Kwa nini waliondoka? Wako wasemao mto ulipungua, wako wasemao udongo ulichoka, na wako wasemao wafugaji waliokuja na ng'ombe wengi na mikuki mirefu waliyafanya maisha ya vijiji yawe magumu. Sababu hizi hazipingani, na huenda zilifuatana. Ila ipo hatari katika namna ya kuuliza. Mtu atakaye kuonyesha kwamba kilimo cha wenyeji chaharibu nchi huitaja Engaruka kama mfano wa kushindwa, na mtu atakaye kuonyesha kwamba ni cha hekima huitaja kama mfano wa kudumu miaka mia tatu na zaidi. Mawe ni yale yale. Stump ameonya kwamba magofu hayapaswi kugeuzwa shahidi wa kukodiwa, na onyo hilo lawahusu pia watungao mipango ya kilimo cha maji leo.

IV. Jina ambalo halisemi

Mwanafunzi wa lugha ataka kujua watu hao walisema lugha gani. Hapa jina ni shahidi dhaifu. Majina ya nchi yote inayozunguka Engaruka ni ya Kimaasai, nayo yaliwekwa juu ya majina ya kwanza kama sahani inavyofunika sahani. Wamaasai hawajengi mifereji wala hawadai kuijenga ile ya kale. Kwa hiyo wachunguzi wametazama majirani. Wasonjo, ambao hujiita Batemi na kusema lugha ya Kibantu, hukaa kaskazini-magharibi ya Ziwa Natron, nao hulima kwa mifereji, hukaa katika vijiji vilivyokusanyika juu ya mteremko, na kazi ya kugawa maji iko mikononi mwa wazee wenye cheo. Wairaki wa Mbulu, wenye lugha ya Kikushi, wanajulikana kwa kilimo cha makini katika nchi ya milima, nao pia wametajwa. Wachaga wa Kilimanjaro na Wameru hupitisha maji ya mlima katika mifereji hadi leo.

Kufanana kwa kazi hakuthibitishi udugu wa damu wala wa lugha. Watu wawili waliosimama mbele ya tatizo moja, mto mmoja na ardhi kavu, huweza kufikia jibu moja bila kuonana. Husuni Kubwa yafundisha kwamba mtu asiamini jina bila jembe, na Engaruka yafundisha kwamba jembe bila jina laweza kueleza watu walikula nini na walilima vipi, lakini haliwezi kuwarudishia ulimi wao.

Hata hivyo kazi ya mtaalamu wa lugha haikukoma hapo. Katika lugha za majirani hao kuna maneno ya mfereji mkuu na ya tawi lake, ya mlango wa kufungulia maji na wa kuyafunga, ya zamu ya mchana na zamu ya usiku, ya faini ya mwizi wa maji. Msamiati wa namna hiyo huazimwa pamoja na ufundi wenyewe. Kama neno la mlango wa maji katika lugha moja limetoka katika lugha ya jirani, basi iko sababu ya kufikiri kwamba ufundi nao ulipita njia hiyo, na kanuni za sauti huweza kuonyesha kama neno liliingia zamani au juzi. Kiswahili chenyewe chapasa kupimwa hivyo hivyo. Majina kama Mto wa Mbu na Maji ya Chai ni majina ya njia. Yaonyesha kwamba waliopita hapo walihitaji jina litakalofahamika na kila mpagazi, mwenyeji kwa mgeni. Nchi ya Meru na Bonde la Ufa yaweza kusomwa katika ramani kama ukurasa ulioandikwa mara tatu, na kila mwandishi hakufuta kabisa kazi ya mwenziwe.

V. Kuandika kabla ya kupotea

Huko Baragaon matofali ya Nalanda yaliingia katika nyumba za wakulima, na hakuna wa kuwalaumu, kwa kuwa tofali jema ni tofali jema. Huko Engaruka Juu watu wanakaa na kulima leo kwa maji ya mto ule ule. Mkulima ahitajiye ukuta wa kitalu hukuta mawe yamekwisha kukusanywa mbele yake, na mwenye ng'ombe hupitisha kundi mahali palipo na njia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yalinda magofu ya namna hii, lakini sheria haikai porini usiku na mchana. Ukuta wa Husuni Kubwa huonekana na kila mtu kuwa ni gofu. Mstari wa mawe wenye kimo cha goti, ambao kwa mchunguzi ni mpaka wa shamba la karne ya 16, kwa macho ya mpita njia ni mawe tu.

Ndiyo maana mahali pa namna ya Engaruka huhitaji kuandikwa kwa uangalifu zaidi kuliko mahali penye minara. Kilichochorwa katika ramani, kikapimwa, kikapigwa picha na kupewa namba, chaweza kuulizwa tena na watu wajao, hata kama mawe yenyewe yamehama. Sutton aliweza kuisahihisha hesabu ya Leakey kwa sababu Leakey aliandika alichohesabu na namna alivyohesabu, na vigae na mkaa wa Sassoon viliendelea kutoa habari baada ya mahandaki yake kufukiwa. Mchunguzi huacha kazi yenye faida anapoacha kipimo ambacho mwingine aweza kukirudia, ijapokuwa fikira zake mwenyewe zitakuja kukataliwa.

Kwa wataalamu wa Kiswahili na wa lugha za jirani, wajibu uliobaki ni wa namna hiyo hiyo. Majina ya mito midogo, ya mifereji, ya viwanja na ya vilima katika nchi iliyo kati ya Meru na Ziwa Natron yapasa kukusanywa kutoka kwa wazee wanaoyajua, yakaandikwa jinsi yatamkwavyo katika lugha yao na si jinsi yalivyoandikwa katika ramani za Wajerumani na za Waingereza. Pamoja na kila jina iandikwe maana inayotolewa na wenyeji, hata kama mkusanyaji aiona kuwa si sahihi, pia mahali hasa panapoitwa hivyo na lugha ya aliyeieleza. Nusu ya majina hayo huenda isifae kitu kwa mtafuta magofu. Lakini hakuna ajuaye leo ni nusu ipi, na wazee hawatasubiri mpaka swali lenye maana litungwe.